Baba Anapenda Tamthilia

Mtahini alipofiwa na mkewe akahamia kwa mwanawe, alikuja na mabegi mawili ya nguo na ugonjwa wa kushika rimoti. Jina la Mtahini alilipata kazini. Miaka yake yote ya utumishi alikaa kiti cha abiria, karatasi gotini, akiwapima watu wanaotafuta leseni ya udereva, na waliopita mikononi mwake wanasema alikuwa akiangusha watu kwa raha zake. Ukisahau kutupa jicho kwenye kioo cha pembeni, hakukugombeza. Alifunga kalamu taratibu, akaichomeka mfuko wa shati, akasema, "Teremka." Basi, umekwenda na maji. Alipostaafu hakubaki na wa kumteremsha ila watu wa nyumba ile: mwanawe, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na mke wa mwanawe, fundi mapazia.

Fundi alikuwa akishonea sebuleni. Cherehani aliiweka kando ya dirisha, uso kwa uso na televisheni, ili mikono ikiwa kwenye marinda macho yawe kwenye tamthilia. Usimdhanie ni wale wa kulia na kila anayelia. Fundi alikuwa mtazamaji wa kuchambua. Alijua mwigizaji gani anakariri na yupi ameyameza maneno yake yakawa damu. Alijua mwongozaji akiishiwa na hadithi atamtumbukiza mtu kwenye ajali ya gari. Na kila mwaka, Tuzo za Kioo zikikaribia, alikuwa na washindi wake kichwani, kipengele kwa kipengele, na sababu zake. Hakuna aliyemwuliza. Lakini alikuwa nazo.

Mtahini alipoingia, raha hiyo ilikwisha siku ileile. Rimoti alikuwa akiitia mfuko wa shati, palepale ilipokuwa ikikaa kalamu, akaenda nayo hadi msalani. Yeye alitazama mpira wa timu yake, na mpira ukiisha akatazama watu wanaobishana kuhusu mpira. Akimwona Fundi amekaza macho kwenye tamthilia, alingoja. Alikuwa na subira ya paka. Alingoja mpaka mlango unaanza kufunguka, mpaka mwanamke anavuta pumzi aseme mtoto ni wa nani, ndipo akabonyeza. Likaja goli la juzi.

"Upuuzi," alisema. "Watu wazima wanalipwa kwa kulia."

"Baba, ilikuwa imebaki dakika kidogo tu."

"Imebaki dakika, ikaisha. Shona."

Hayo aliyazoea. Kilichomwingia mfupani kilikuwa kingine. Jumapili moja wageni walijaa mezani: wifi yake, binti wa Mtahini, aliyekuwa meneja katika ofisi ya bima, pamoja na mumewe, na wenzake wawili wa mume wa Fundi kutoka ghalani. Mazungumzo yakaangukia Tuzo za Kioo zilizokuwa zinakuja. Mtahini akanyanyua mkono kama anayesimamisha gari.

"Hebu tumsikilize mtaalamu wetu," alisema. "Mama, wewe ungempa nani?"

Fundi alikuwa ameshika bakuli la supu. Kwa kweli alidhani anaulizwa. Akaliweka bakuli chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza. Akawaeleza kuhusu tamthilia ya *Chumba cha Mbele*, na kuhusu yule mama wa makamo aigizaye shangazi, asiyepewa hata mistari mingi. Akawaeleza lile tukio la shangazi kuletewa habari ya kifo cha mwanawe akiwa anakunja shuka. "Hakulia," Fundi alisema. "Alilikunja lile shuka. Halafu akalikunjua, akalikunja upya, eti kona hazikukutana. Mimi nilisimamisha cherehani. Huyo ndiye ningempa."

Mtahini akatoa rimoti mfukoni, akaishika kama kalamu, akaandika hewani.

"Mbili," alisema. "Mbili kwa kumi. Moja ya kujaribu, na moja kwa sababu ni mke wa mwanangu."

Wakacheka. Wifi alicheka akificha mdomo kwa kitambaa, wale wa ghalani walicheka kwa heshima ya mzee. Lakini kicheko kilichotangulia vingine, na kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, kilikuwa cha mume wa Fundi. Fundi alibeba vyombo akaenda jikoni, akafungua bomba, akasimama tu akiyatazama maji.

Kiharusi kilimpata Mtahini asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Upande wa kulia ulilala wote, mdomo ukaenda upande, na sauti ikapotea. Huko hospitali daktari aliwakusanya ukumbini: mwana, binti na Fundi.

"Msimchukulie kama hajielewi," daktari alisema. "Anasikia na anaelewa. Kilichozibika ni njia ya kutolea maneno. Mzungumzieni sana. Mwashieni televisheni, ubongo uchangamke."

"Anaelewa kila neno?" Fundi aliuliza.

"Kila neno, mama."

Wifi alikuwa na ofisi yake, mume alikuwa na zamu zake za ghalani, na Fundi kazi yake ilikuwa nyumbani. Hapakuwa na haja ya kikao. Mzee alirudishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akawekwa sebuleni, hatua chache kutoka kwenye cherehani. Fundi alipomvua shati la hospitali aliikuta rimoti mfukoni. Mwanawe ndiye aliyemtilia, kwa mapenzi, ajisikie yuko nyumbani.

"Samahani, baba," Fundi alisema, akaichukua.

Kuanzia hapo kila asubuhi alimpigia goti kama mkwe mwema. "Shikamoo, baba." Na kwa kuwa mzee hakuweza kuitikia, Fundi alimwitikia mwenyewe: "Marahaba, mwanangu. Leo tunatazama nini?" Kisha anaketi kwenye cherehani, anawasha.

Tuseme haki: hakumwacha na njaa, wala hakumwacha na uchafu. Alimwogesha, alimgeuza, alimpaka mafuta mgongoni asipate vidonda, alimpondea chakula akampozea. Mtu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kila wiki kumnyoosha mkono na mguu, alikuwa akiwaambia wagonjwa wengine kwamba kama wanataka kuona mkwe, waende nyumba ile. Alichokifanya Fundi alikifanya kwa mdomo na kwa kidole kimoja cha rimoti.

"Huyu, baba, mtazame vizuri," alisema, pini za kushonea zikiwa zimebanwa midomoni. "Huyu ndiye binti mkuu wa *Chumba cha Mbele*. Analia kwa mdomo. Macho makavu kabisa. Anatoa sauti kama mlango unaotaka mafuta, na watu wanasema kipaji. Ngoja, usifumbe macho, unakosa. Haya, hii sasa ni *Kasri la Mawe*, ile ya kuingiziwa sauti. Sikiliza: mfalme, tabibu na mlinzi wa lango, wote sauti ya mtu mmoja. Juzi walizungumza watatu pamoja, maskini akajikatiza mwenyewe. Lakini ninaipenda, unajua kwa nini? Mavazi. Tazama lile pazia nyuma ya kiti cha enzi. Bitana mbili, na hakuna hata rinda lililokwenda upande. Aliyeshona lile ndiye wa kupewa tuzo."

Mzee alitoa sauti kooni.

"Naam? Unataka *Sauti Changa*? Ile ya mashindano ya kuimba? Mimi siipendi, baba. Majaji wanaanza kulia mtoto hajafungua kinywa. Lakini kwa kuwa umeomba."

Akawasha *Sauti Changa*. Mzee alichukia kuimbiwa kuliko kitu chochote.

Alimpa alama pia. Akimwaga supu kifuani, Fundi alimfuta polepole, akamwambia, "Leo tatu, baba. Jana ulipata nne. Unashuka." Mtu wa mazoezi akimkunja vidole akashindwa kushika mpira wa sponji, Fundi alingoja mpaka mgeni ameondoka. "Moja," alisema. "Ya kujaribu." Jicho la kushoto la mzee, lililobaki zima, lilimfuata chumba kizima kama jicho la mtu aliyefungiwa nje akichungulia dirishani.

Yule mtu wa mazoezi alimfundisha mzee namna ya kusema bila sauti: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Alimwonyesha Fundi. "Wafundishe na wengine wa nyumbani," alisema. "Itamsaidia sana." Fundi akaitikia vizuri tu. Jioni mumewe aliporudi kutoka ghalani, akavua viatu, akauliza mtu wa mazoezi amesemaje. Fundi akamjibu kuwa amesema baba anaendelea vyema. Zaidi ya hapo hakuongeza neno.

Jumapili wifi alikuja na manukato yake na matunda yake. Alimbusu baba yake kwenye paji la uso. Mzee akaanza kufumba na kufumbua macho, akaguna, akatikisa mkono wa kushoto kuelekea televisheni. Watu wa *Nyumba ya Vioo*, kile kipindi cha vijana wanaofungiwa ndani watazamwe wakila na kugombana, walikuwa wakigombania sufuria.

"Anataka nini, wifi?"

"Anataka niongeze sauti," Fundi alisema. "Hiki hakosi."

"Baba? Hiki?" Wifi alishika kifua. "Baba aliyekuwa hawezi hata kusikia wimbo wa tamthilia! Jamani. Ugonjwa umemlainisha." Machozi yakamlengalenga. "Wifi, Mungu akulipe. Mimi nisingeweza."

Mzee aliguna hadi mishipa ya shingo ikasimama. Fundi aliongeza sauti.

Mwaka huo Tuzo za Kioo zilikuwa za kupigiwa kura na watazamaji, kwa simu. Fundi alilaani jambo hilo kwa wiki nzima: tuzo ya kura, alisema, humpata mwenye marafiki wengi, haimpati mwenye kazi nzuri. Hata hivyo alipiga yake. Kisha akachukua simu ya Mtahini, iliyokuwa imelala kabatini tangu hospitali. Ilifunguka kwa kidole gumba. Akavuta kigoda, akaushika mkono wa mzee ule wa kulia, uliokufa, mzito na baridi kama samaki, akabonyeza gumba lake kwenye kioo cha simu.

"Tunapiga kura, baba. Mwigizaji msaidizi wa kike. Unampa nani? Shangazi wa *Chumba cha Mbele*? Ninakubaliana nawe. Ametulia, siyo? Haya. Kipindi bora cha mwaka: *Nyumba ya Vioo*. Lo, hapo tunatofautiana, lakini kura ni ya mtu. Umepiga."

Alimrudishia mkono mapajani, akaupigapiga.

Sasa, usiku wa tuzo uliangukia siku moja na fainali ya kombe, na timu ya Mtahini ilikuwa imeingia fainali. Ilikuwa imepita miaka mingi haijafika huko. Mara ya mwisho mwanawe alikuwa bado anavaa kaptula za shule. Mtaa mzima ulikuwa umevaa rangi. Mwana alikuwa amepata nafasi ya kwenda kutazama na wenzake wa ghalani kwenye ukumbi wenye skrini kubwa. Kabla ya kutoka alipiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, akamfunga baba yake skafu ya timu shingoni. Mzee alifumba macho mara moja, akafumba tena mara moja, akafumba tena. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwanawe hakujua kuyasoma, lakini aliuona uso.

"Mke wangu, utamwekea mpira, eh? Nakuomba sana. Tuzo zako watarudia kesho."

"Nenda, usijali," Fundi alisema. "Nitamwekea."

Na pengine alikusudia. Mwenyewe hata baadaye hakuwa na hakika. Mlango ulipofungwa aliwasha, na chaneli iliyokuja ilikuwa ya tuzo, kwa kuwa ndiyo aliyoiacha. Waigizaji walikuwa wakishuka kwenye magari, magauni yakiburuta. Kisha akaonekana shangazi wa *Chumba cha Mbele*, peke yake, kwenye gauni la bluu lililoshonwa vizuri begani. Fundi akaketi.

"Dakika kidogo tu, baba."

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea rimoti. Nje, filimbi ilisikika kutoka kwenye televisheni za majirani, zote kwa pamoja, kisha mngurumo. Mpira umeanza. Mkono wa mzee ulibaki hewani hadi ukachoka ukaanguka. Fundi aliuona kwa pembe ya jicho. Kikatajwa kipengele cha mavazi bora, akatoa maoni yake. Wakaja na kipengele cha wimbo bora wa tamthilia, akatoa maoni yake. Nje watu walipiga kelele na kuguna, na kila kelele mzee alikaza shingo kuelekea ukutani, kama vile ukuta ungemwambia.

Kipengele cha mwigizaji msaidizi kilipofika, Fundi alizima taa ya cherehani. Majina yalisomwa. Kila jina lilikuja na kipande cha kazi yake, na cha shangazi kilikuwa kile cha shuka. Fundi alikiona tena, akashikilia magoti yake. Bahasha ikafunguliwa.

Hakuwa shangazi. Alikuwa msichana wa *Sauti Changa* aliyepewa sehemu ndogo kwenye tamthilia ya polisi, ambako kazi yake yote ilikuwa ni kukutwa maiti na, kabla ya hapo, kuchungulia mlangoni. Akapanda jukwaani akilia. Kamera ikamrudia shangazi: alikuwa akipiga makofi, ametabasamu vizuri, kama watu wanavyofundishwa.

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani wa kumwambia. Akamgeukia Mtahini, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi alimwuliza swali akitaka jibu.

"Baba, umemwona. Umeiona kazi yake miezi yote hii, nimekuonyesha. Sema ukweli wako. Alistahili?"

Mzee alimtazama. Jicho la kushoto lilikuwa kavu na angavu. Akafumba macho. Akafumbua. Akafumba tena.

Mara mbili. Hapana.

Wakati huohuo mtaa ulilipuka. Masufuria yaligongwa, mtu alipuliza honi, watu walikimbia nje wakipiga mayowe ya kombe. Mzee aliliacha lile jambo la shangazi mara moja. Alikaza mkono kwenye kiti, akainua nyusi, mdomo wake uliopinda ukafunguka. Swali lilikuwa uso mzima. Nani? Nani kafunga?

Fundi aliinuka, akaenda dirishani, akafunua pazia, akatazama nje. Waliokuwa wakirukaruka barabarani walikuwa na skafu kama ile iliyokuwa shingoni mwa mzee. Akalirudisha pazia, akalinyoosha marinda.

"Mmefungwa, baba," alisema. "Wanaoshangilia ni wale wengine. Tatu bila. Wanasema golikipa wenu alikuwa kama amelala."

Jicho la kushoto lilijaa, likafurika, na chozi likateremka bila kizuizi, maana upande ule ndio uliokuwa bado na uhai wa kutoa machozi. Fundi alimfuta kwa ncha ya skafu, akaketi, akatazama kipengele kilichofuata. Kusema kweli hakukiona.

Mumewe alirudi mapema kuliko alivyotegemea. Aliingia akiimba, jasho limemlowa, akapiga magoti palepale mlangoni. "Baba! Baba yangu! Tumechukua kombe! Umeona lile goli la mwisho? Umeliona?"

Mzee alimtazama mwanawe. Akatazama skafu ya mwanawe, akasikiliza barabarani. Kisha akageuza shingo polepole, kwa taabu, akamtazama Fundi, na hakuondoa jicho. Chozi lilianza tena.

"Ona anavyolia kwa furaha," mume alisema, naye akalia, akamkumbatia mkewe kwa mkono mmoja na baba kwa mwingine. "Ahsante, mke wangu. Ahsante kwa kumwekea."

Tangu siku hiyo Mtahini hakula tena mkononi mwa Fundi. Kijiko kikija alifunga midomo. Ukikilazimisha, supu iliteremka kidevuni. Kwa mwanawe alikula, lakini mwanawe alikuwa na zamu. Mzee akaanza kukonda, nguo zikamning'inia. Wifi akaja, akaona, akasema hapana, Fundi amechoka, tena ana haki ya kuchoka, na yeye binti ana chumba kizima hakina mtu. Akampeleka kwake.

Fundi alibaki na rimoti na nyumba nzima. Alitazama alichotaka, muda alioutaka. Siku za kwanza alifungulia sauti mpaka vioo vikatikisika. Lakini akiona jambo, akigeuka kusema, anakiona kiti kitupu. Alijaribu kumweleza mumewe. Mume alisema "eh," akasema "kweli," kisha akakoroma. Alijaribu kumweleza mteja aliyekuja kuchukua mapazia ya chumba cha kulala; mteja akasema yeye hana muda wa televisheni. Katikati ya *Kasri la Mawe*, mfalme na tabibu walipojibizana kwa koo moja, Fundi alicheka peke yake, na kicheko kikamrudia vibaya. Akazima, akashona kimya mpaka magharibi.

Ndipo wifi alipompigia. Alitaka mapazia mazito kwa chumba cha baba, ya kuzuia mwanga kabisa.

"Macho yanamuuma, wifi. Tangu alipofika hapa anafumba na kufumbua, anafumba na kufumbua, kila ukisema naye. Tumezima televisheni, tumefunga madirisha, wapi. Njoo upime."

Fundi alikwenda na tepu yake na chaki yake. Nyumba ya wifi ilikuwa na vigae vinavyong'aa na ukimya wa ofisi. Mzee alikuwa chumba cha nyuma, safi, amenyolewa, amevalishwa fulana nyeupe, uso ameelekezwa ukutani ili mwanga usimpige. Binti wa kazi alikuwa ameacha kazi, wifi alisema. Wa pili huyo. Hakuna anayetaka kubeba mtu mzima. Na yeye ofisini anadaiwa ripoti, na mume ameanza kununa.

Fundi alizunguka kiti, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Mzee alimwona. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kuguna; ilipanda, ikakwaruza, ikajaza chumba. Mkono wa kushoto uling'ang'ania gurudumu, akajaribu kujisukuma nyuma, kiti kikagonga ukuta. Wifi alikuja mbio.

"Jamani!" alisema, mikono kinywani. "Unaona? Unaona alivyo na wewe? Hapa kwangu hajatoa hata sauti moja! Ni wewe alikuwa anakulilia. Baba, unataka kurudi kwa mkweo? Eh, baba? Turudi?"

Mzee alifumba macho mara mbili. Akafumba mara mbili tena. Mara mbili, mara mbili, kwa nguvu, uso mzima ukikunjamana, machozi yakichuruzika upande mmoja.

"Masikini, hayo macho tena," wifi alisema.

Fundi alikuwa bado amepiga goti, tepu imemning'inia shingoni. Alikuwa anayasoma macho yale kama anavyosoma maandishi makubwa yanayopita chini ya kioo. Neno moja tu lingetosha, na neno hilo alilijua. Alijiona akilisema. Kisha akaona sebule yake, kiti kitupu, na msimu mpya wa *Chumba cha Mbele* unaoanza wiki hiyo.

"Nitamchukua, wifi," alisema. "Kazoea kwangu."

Walimrudisha kwa gari la wifi, pamoja na vitu vyake vyote. Mumewe, kwa furaha ya kurudiwa na baba, alikuwa ameshabeba nyumbani televisheni mpya, pana kama meza, akaitundika ukutani. Mzee aliwekwa mbele yake. Chakula alikipokea siku hiyo kutoka kwa mwanawe, mkononi mwa mwanawe, na Fundi aliwaacha, maana siku zilikuwa nyingi na zamu za ghalani hazikuisha.

Mtu wa mazoezi alikuwa amewaambia kwamba wengine sauti huwarudia, vipande vipande. Ya Mtahini ilirudi jioni ya tamthilia. Wimbo wa mwanzo ulikuwa umekwisha, binti mkuu alikuwa ameanza kulia kwa mdomo, na Fundi alikuwa ameshaanza: "Umeona, baba, hawajamfundisha chochote mwaka mzima..." Mzee akakaza shingo. Mdomo wake ulihangaika, ukapata umbo, ukalipoteza, ukalipata tena.

"...zi...ma," alisema.

Mume aliruka kutoka kwenye kochi kama ameungua. "Umesikia? Amesema! Baba amesema!"

"Zima," mzee alisema, safari hii wazi zaidi, jicho kwenye televisheni. "Zima. Zima."

"Anasema mzima! Anasema yeye ni mzima!" Mume alikuwa akicheka na kulia, simu tayari sikioni. "Dada! Baba amezungumza! Anasema ni mzima! Ngoja umsikie... Baba, sema tena!"

"Zima," alisema Mtahini.

Simu ilipitishwa kwa Fundi. Upande wa pili wifi alikuwa akishangilia na kuuliza ni kweli, ni kweli amesema hivyo, au kaka yake anajidanganya? Fundi alimtazama baba mkwe. Mzee naye alimtazama. Walielewana kabisa, pengine kuliko watu wengine wowote waliokuwa hai.

"Ni kweli, wifi," Fundi alisema. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Kasema mzima."

Akamrudishia mumewe simu, naye akatoka nayo uani kuwapigia wengine. Fundi akavuta kigoda, akakaa karibu zaidi na kiti cha magurudumu kuliko alivyowahi kukaa, akaweka rimoti mapajani.

"Sasa tulia, baba," alisema. "Anaingia mama mkwe mpya. Mimi huyu bado sijamwamini. Hebu tumwangalie pamoja."